Tarehe ya Sampuli

Sisi watu wa Barre, mji wa machimbo ya mawe, hatuna haya na makaburi. Mji mzima umekula, umevaa na umesomesha watoto kwa mawe ya makaburi, tangu babu zetu waliposhuka kwenye garimoshi na tindo zao begani, wengine Waitaliano, wengine Waskoti, wote wabishi. Mgeni akishangaa kuona mtu amekaa juu ya jiwe lenye jina la marehemu anakula mkate wake wa mchana, tunamcheka. Kwa hiyo mtu asije akaniambia kwamba Nerina Pedroncelli alikuwa mwoga. Alichonga majina ya wafu miaka ishirini na minne, tena huku akipiga mluzi.

Kilichomtisha Nerina kilikuwa ukimya wa karakana. Zamani nyumba za maziko, zile zinazoandaa misiba kwa malipo, zilimletea wafiwa mlangoni. Siku hizi nyumba hizo zimenunuliwa na kampuni moja ya mbali, nayo ina mawe yake ya katalogi, mepesi, yanayofanana kama sabuni. Tangazo la Nerina lilikuwa bado linatoka gazetini, pale pale chini ya habari za hali ya hewa, lakini gazeti lenyewe lilikuwa linasomwa na watu ambao mawe yao yalishasimama. Kuanzia Januari mpaka Aprili aliuza mawe matatu. Alijiwekea muda mpaka Krismasi. Hali isipobadilika, anafunga karakana aliyoijenga baba yake na kwenda kuuza vifaa vya bomba katika duka la watu wengine.

Ndipo Jumapili moja akaja binamu yake, Claudette Gendreau, kutoka Burlington, na pai ya nyama mkononi. Claudette kazi yake ni kuwatangazia biashara watu wadogo wadogo: waoka mikate, wapika sabuni, hata bibi mmoja anayeshona makoti ya mbwa.

"Weka mawe yako kwenye ule mtandao wa picha," Claudette akasema, akikata pai.

"Upi? Ule wa watu kutukanana?"

"Huo ni mwingine. Huku hawatukanani, hawana muda. Mtu anatafuta kwa macho. Anaandika 'jiko la bluu', zinamjia picha elfu za majiko ya bluu. Akiipenda moja, anaibandika kwenye ubao wake. Ana ubao wa harusi, ubao wa bustani, ubao wa chumba cha mtoto."

"Na ubao wa kaburi?"

"Wewe cheka tu."

"Claudette, kizuri chajiuza."

"Hiyo ilikuwa enzi za baba yako, shoga. Siku hizi kizuri kisichopigwa picha hakipo."

Nerina hakuwa mtu wa kurukia mambo. Alipima. Picha nzuri zinataka muda, na muda wake ulikuwa wa tindo. Halafu watu wa huko, alisikia, wengi ni waota ndoto. Mtu anabandika jiko la bluu miaka mitano na bado anapika kwenye jiko lile lile bovu. Lakini Claudette naye alikuwa na hoja. Tangazo la mitandao mingine likifika jioni limekufa, ila picha ya huku huishi miaka, inapita mkono kwa mkono. Tena mtu anaikuta wakati anapanga maisha yake kwa raha, si wakati analia. Na kwetu, wengi hununua jiwe wakiwa hai: mume na mke wanasimamisha jiwe moja, majina mawili, tarehe za kuzaliwa, na pale pa tarehe ya kufa panaachwa patupu. Watu kama hao hupenda kuchagua.

"Haya," akasema Nerina. "Tujaribu. Nikipata wateja watano kabla ya baridi, nakununulia chakula popote utakapo."

Tatizo likawa ni jiwe gani la kupiga picha. Familia za wateja hazikutaka majina ya watu wao yatembee ovyo. Yalibaki mawe ya sampuli, na hapo lazima niwaeleze kidogo. Mzee Egidio, baba yake Nerina, alikuwa na mwiko mmoja: sampuli huchongwa jina la mchongaji mwenyewe, na tarehe ya mwisho huachwa wazi. Jina la kubuni alilikataa katakata. "Jina lisilo na mtu," alikuwa akisema, "litamtafuta wake." Yeye mwenyewe alizikwa chini ya sampuli yake, aliyoiegemea miaka thelathini akivuta sigara. Sampuli ya Nerina ilikuwa imesimama getini, na wateja walikuwa wakining'iniza makoti yao juu yake.

Claudette akaitazama, akakunja pua. "Haifai. Jina la duka na jina la jiwe ni moja, mtu atadhani ni bango. Halafu hiyo nafasi tupu inafanya jiwe lionekane halijaisha. Watu wa picha wanataka kitu kamili. Buni jina."

"Baba angenipiga kofi."

"Baba yako, Mungu amrehemu, hakuwa na mpango wa kufunga duka Krismasi."

Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, nanyi mnajua. Nerina alichagua bamba bora la itale, lile jiwe gumu la kijivu la kwetu, akachonga tawi la mtufaha lenye maua matano, kazi ambayo hata mimi nisiye na macho ya sanaa nilisimama nikaitazama. Jina la kwanza, Alden, alilitoa kwenye kalenda ya duka la vyakula vya ng'ombe. La ukoo, Whitcher, alilisoma ubavuni mwa gari la mikate lililokuwa likipita. Siku ya kuzaliwa aliweka ya harusi ya wazazi wake, tarehe tatu Machi, mwaka 1958. Ikabaki ya kufa.

"Weka ya mbele," akasema Claudette. "Hizi picha zinaishi muda mrefu. Ukiweka ya mwaka jana, mwakani itaonekana kuukuu. Magazeti yote hufanya hivyo, toleo la Juni linatoka Mei."

Wakaafikiana: tarehe kumi na nne Novemba, mwaka ule ule tuliokuwamo. Nerina akaichonga kwa mkono, tarakimu moja moja.

Picha ilipigwa asubuhi yenye ukungu. Mwezi Mei watu arobaini waliibandika. Juni ikafika mia mbili. Simu zikaanza kulia, New Hampshire, Maine, mpaka mtu mmoja wa Ohio: "Lile la tawi la mtufaha, naweza kupata kama lile?" Kufika Agosti alikuwa na kazi kumi na mbili, na wabandikaji mia nne na kumi na mbili. Claudette alimchagua samaki wa bei mbaya kweli, akala mpaka akafungua mkanda.

Jambo moja tu lilimkera Nerina. Chini ya picha watu huandika maneno, na mwanamke mmoja asiyemjua alikuwa ameandika: *Mazishi yalikuwa mazuri. Mvua ilikatika dakika ya mwisho.* Nerina alisoma mara tatu, kisha akampigia Claudette.

"Wapuuzi hawaishi," Claudette akamwambia. "Achana naye."

Mwishoni mwa Agosti, adhuhuri, jua linawaka, gari la mizigo likaingia uani. Akashuka mwanamume mrefu, mkononi kofia, akaenda moja kwa moja kwenye jiwe la tawi la mtufaha. Akalisoma. Akaligusa kwa kidole pale penye Novemba. Nerina akamfuata akijifuta vumbi.

"Karibu, bwana. Hilo ni la sampuli, lakini naweza kukuchongea linalofanana nalo."

"Naitwa Alden Whitcher," yule mtu akasema. "Nimezaliwa tarehe tatu Machi, hamsini na nane."

Nerina akaketi juu ya kipande cha jiwe. Yule mtu hakuwa na hasira. Laiti angekuwa nayo. Alitoa leseni yake ya udereva akamwonyesha, kwa adabu, kama mtu aliyesimamishwa na askari.

"Nimebuni," Nerina akasema. "Wallahi nimebuni, bwana. Kalenda ya ng'ombe na gari la mikate."

"Naamini. Mimi nilikuwa fundi wa mabasi ya shule miaka thelathini, dada, mambo ya uchawi siyajui. Mke wangu Verna ndiye aliyeliona kwanza, Juni, kwenye simu yake. Alikuwa anatafuta mapazia. Akaandika 'mapazia', likaja jiwe. Akatafuta namna ya kukanda unga wa pai, likaja jiwe. Nikanunua simu yangu mpya, sijaandika hata neno, nikaifungua: jiwe." Akaivaa kofia, akaivua tena. "Sijalala vizuri tangu siku hiyo. Nina miti mia mbili ya kugema utomvu mtamu. Machi nataka niwe msituni naupika uwe shira. Basi, sina makuu. Je, unaweza kuibadilisha hiyo tarehe?"

Itale haifutiki kwa raba. Ukitaka kuondoa tarakimu moja, unasaga uso wote wa jiwe. Nerina hakufikiri mara mbili; ijapokuwa lile ndilo jiwe lililokuwa likimlisha, alilipandisha mashineni siku ile ile, Bwana Whitcher akiwa amesimama pembeni. Tawi likaenda, maua matano yakaenda, jina likaenda. Akamwagia maji kuosha tope la vumbi, na tarehe ikatokea.

Si kwamba imechongwa. Uso ulikuwa laini kama sahani. Ila pigo la tindo huchubua jiwe kwa ndani, na jiwe likilowa, mchubuko huonekana mweupe. Kila mchongaji analijua hilo. Lakini jina nalo lilichongwa kwa tindo ile ile, mkono ule ule, na jina halikuonekana. Kumi na nne Novemba peke yake. Akasaga tena, akamwagia maji. Ikaonekana. Akasaga mara ya tatu, bado ipo; mara ya nne ndipo ikapotea, na bamba lilikuwa limebaki jembamba kiasi kwamba halikufaa tena kwa kazi yoyote.

"Ahsante, dada," Bwana Whitcher akasema. Rangi ilikuwa imemrudi kidogo. "Na ile picha?"

Hapo ndipo Nerina alipojua ubaya wa kile Claudette alichokuwa amekisifia. Picha inaishi miaka, inapita mkono kwa mkono: ndiyo faida, na ndiyo balaa. Claudette alimweleza kwa simu, sauti imemshuka. Ukiifuta ya dukani, za watu zinabaki. Kila aliyebandika ana yake.

"Usiifute yako kwanza," Claudette akasema. "Kwa kupitia hiyo ndipo tunapoona idadi, na nani anayo. Lakini Nerina, fikiri vizuri. Ukiiondoa, simu zitanyamaza. Wateja kumi na wawili wote wametoka hapo. Utafunga."

"Nitafunga."

"Kwa sababu ya bahati mbaya ya jina?"

"Wewe hukumwona amesimama pale. Anataka kugema miti yake tu. Mimi ndiye niliyemwandikia siku ya kufa, Claudette, kwa mkono wangu, ili picha isionekane kuukuu."

Claudette akasema, "Gawa majina. Mia mbili nipe mimi."

Wakaandika. Septemba yote, Oktoba yote, mmoja baada ya mmoja: *Tafadhali, jiwe hili lina jina la mtu aliye hai, naomba uliondoe ubaoni kwako.* Wengi waliondoa bila neno. Wengine waliomba radhi. Wengine ilibidi wabembelezwe, na mwanamume mmoja wa Ohio, yule yule, alitaka kwanza apunguziwe bei. Yule mwanamke wa mazishi mazuri hakujibu, lakini picha kwake ikatoweka na jina lake nalo likatoweka, kama hakuwahi kuwapo. Mia nne na kumi na mbili ikawa mia, mia ikawa kumi. Bwana Whitcher alipiga simu kila Ijumaa, na kila Ijumaa sauti yake ilikuwa changamfu zaidi. Tarehe kumi na mbili Novemba, ikabaki moja.

Huyo mmoja hakuonekana jina. Ubao wake ulikuwa wa siri, umefungwa. Nerina alizunguka karakana asubuhi nzima akijiuliza ni nani, hata akakumbuka kwamba hajawahi kumwandikia yule aliyeiona kwanza. Hakuna aliyefikiri kuna haja.

Kesho yake, saa nne asubuhi, alifika kwa Whitcher, nyumba ya mbao nyeupe kandoni mwa msitu. Bwana Whitcher alikuwa huko mitini anakagua mirija yake. Mluzi wake ulisikika. Bi Verna akafungua mlango, mwanamke mdogo wa umbo, aproni safi, akamkaribisha jikoni kwa kahawa na keki ya tufaha kana kwamba walikuwa na ahadi.

"Nilijua utakuja," akasema. Akaisukuma simu yake mezani.

Ubao ule aliuita *Baada*. Nerina akapitisha kidole. Gauni jeusi lenye mifuko. Supu ya watu arobaini. Kitanda cha mtu mmoja. Jinsi ya kurekebisha pampu ya maji peke yako. Jinsi ya kugema miti bila msaidizi. Gari dogo. Maua meupe, maua meupe tena. Katikati, jiwe la tawi la mtufaha.

"Bi Verna," Nerina akasema. "Humtaki mume wako?"

"Nimempenda mtu yule tangu nina miaka kumi na tisa. Usiniulize upuuzi." Alisema bila kupandisha sauti. "Moyo wake mbovu. Yeye anakwambia hajambo, lakini daktari alituambia miaka miwili iliyopita: wakati wowote. Wakati wowote si wakati, binti yangu. Akienda chooni nahesabu. Akichelewa msituni nasimama dirishani. Miaka miwili, sijala chakula kikanishuka. Halafu Juni natafuta mapazia, na hii hapa. Siku, mwezi, mwaka. Usiku ule nililala, nikalala kama mtoto."

"Lakini yeye halali."

Bi Verna akatazama dirishani. Nje mluzi ulikuwa unakaribia.

"Naomba uiondoe," Nerina akasema. "Ni ya mwisho. Kesho ndiyo siku yenyewe."

"Iondoe wewe. Mimi mkono wangu hauwezi."

Nerina akaibonyeza. Simu ikamuuliza kama ana hakika. Akasema ndiyo. Kisha akatoa yake mfukoni, akafuta na ile ya dukani, na pamoja nayo akaunti nzima, picha zote. Bi Verna alitazama pale palipokuwa na jiwe mpaka kahawa ikapoa.

Kesho yake Bwana Whitcher alikuja mwenyewe karakana asubuhi mapema, akasema bora siku hiyo awe mbele za watu. Alitengeneza mashine ya upepo iliyokuwa ikikohoa tangu msimu wa joto, akafagia, akasimulia visa vya mabasi, akala sandwichi mbili za soseji. Kila akikaa kimya Nerina aligeuka kumtazama. Saa kumi alasiri alivaa kofia akarudi kwake, na Nerina akabaki ameshikilia nguzo ya mlango.

Tarehe kumi na tano, saa mbili asubuhi, simu ikalia. Alikuwa Bi Verna.

"Amekula mayai matatu," akasema. "Ameshakwenda mitini."

Nerina akacheka, na machozi yakamtoka humo humo, akayafuta kwa mkono wenye vumbi. Alifurahi furaha ambayo hakuwahi kuipata kwa jiwe lolote alilouza. Karakana ilikuwa kimya, simu za wateja zilikuwa zimekatika, Krismasi haiko mbali, na hakujali hata chembe. Alisema Mungu ni mkubwa, Bi Verna, Mungu ni mkubwa. Upande wa pili alisikia tu mtu anapumua.

"Sasa nitajuaje?" Bi Verna akauliza.

"Utajuaje nini?"

"Jana sikulala. Nilikaa nasikiliza pumzi zake mpaka kukapambazuka, na leo nitasikiliza, na kesho. Siwezi kurudi kule, binti yangu. Nimeshazoea kujua." Sauti yake ilikuwa ndogo na ya adabu, kama ya mumewe siku ile uani. "Sikuombi uchonge. Usipige picha. Niambie tu mimi, kwenye simu. Ni lini?"

Nerina akafungua mdomo kumwambia kwamba hilo halijui mwanadamu. Na kabla neno halijatoka, ikamjia: siku, mwezi, mwaka, wazi kabisa, mpaka akaona tarakimu ya kwanza ingeanzia wapi juu ya jiwe. Mkono wake wa kulia ulikuwa umejikunja wenyewe, kama umeshika tindo. Akauficha nyuma ya aproni.

"Sijui, Bi Verna," akasema.

Alikuwa anaijua, na haikuwa mbali.